Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Mapigano Kuhusu Askari Aliyejipenyeza Kwenye Genge

Filamu ya askari anayeishi ndani ya genge kwa jina lisilo lake huanza kuharibika siku ile mtunzi anapoianza kwa risasi. Nimesoma skripti nyingi za vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zinazofunguliwa kwa mapambano ya dakika kumi ghalani. Ninapouliza askari huyu anajiita nani mbele ya wahalifu, anadai amezaliwa wapi, na nani yuko tayari kuthibitisha madai hayo, mwandishi huniangalia kana kwamba nimemuuliza swali la somo asilolisoma. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: uongo unaandikwa kwanza, unakaguliwa kama hati ya kiwanja, kisha unapasuliwa polepole mbele ya mtazamaji, na risasi zinakuja mwishoni zikiwa chache.

Mfano nitakaoutumia ni filamu ya kubuni ya dakika 90 inayotokea Tanga na Pangani. Koplo mmoja wa polisi anajipenyeza kwenye kundi linaloshusha heroini kutoka kwenye majahazi. Jina lake la kazi ni Side. Jina lake halisi tuliache kwanza, kwa sababu hata kwenye skripti ni vizuri lichelewe kutajwa.

Hatua ya kwanza: Ifahamu kazi yenyewe

Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa kuwa ina maneno yanayotenganisha watu ambao skripti nyingi huwachanganya. Askari kanzu huvaa kiraia, hukaa kijiweni, hunusa habari, lakini jioni hurudi nyumbani kwake na mkewe humwita kwa jina lake. Mtoa habari si askari kabisa: ni raia, mara nyingi mhalifu mwenyewe, anayeuza anachokijua kwa fedha au kwa kupunguziwa adhabu. Aliyejipenyeza ni askari aliyeapa, analipwa mshahara, na amehamia ndani ya uongo pamoja na nguo zake. Kila mmoja wa watatu hawa ana hofu yake. Mtoa habari anaogopa pande zote mbili, askari kanzu anaogopa kutambuliwa siku moja, na aliyejipenyeza anaogopa kila saa, hadi usingizini, kwa maana anaweza kuota na kusema.

Pwani yetu ina kesi inayofaa kusomwa kabla ya kuandika neno lolote. Mwaka 2014, watu waliojitambulisha kama wawakilishi wa genge la dawa za kulevya la Kolombia walikutana na ndugu Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa wakitaka kununua heroini. Watu hao walikuwa watoa habari wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini zilikabidhiwa kwao, na Novemba mwaka huo ndugu hao wakakamatwa. Januari 2017 walipelekwa Marekani, Oktoba 2018 wakakiri makosa, na hatimaye Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25 na Ibrahim miaka 23. Mtunzi aangalie kilichofanya kazi hapo. Hapakuwa na mlango uliovunjwa kwa teke wala helikopta. Palikuwa na mazungumzo yaliyorekodiwa, subira ya miezi, na wanunuzi wa uongo waliofanana kabisa na wanunuzi wa kweli.

Kwa upande wa askari aliyeapa, mfano unaosomwa zaidi duniani ni wa Joseph Pistone wa FBI, aliyeingia kwenye familia ya Bonanno ya mafia ya New York mwaka 1976 na kutolewa mwaka 1981. Alijifanya mwizi wa vito, na kabla ya kuingia alijifunza kuvitambua vito ili asije akaaibishwa na swali la mtoto. Miezi ya mwanzo alikwenda tu kwenye baa na mikahawa, akala, akanywa, akacheza, bila kuuliza chochote. Hilo la kutouliza ndilo ambalo waandishi wetu hulisahau. Askari wao huingia maskani leo na kesho anauliza mzigo unashukia wapi. Katika maisha ya kweli mtu wa namna hiyo hafiki kesho kutwa.

Baada ya watu, jifunze biashara. Heroini inayopita kwetu hutoka Afghanistan, husafirishwa hadi pwani ya Makran ya Iran na Pakistan, hupakiwa kwenye majahazi, na mara nyingi huhamishiwa kwenye boti ndogo baharini kabla ya kufika nchi kavu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Hapo hapo una saa ya filamu yako bila kuitafuta mbali: msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo unasukuma majahazi kuja kwetu, na kusi linapokaza Juni hadi Agosti bahari inachafuka na boti ndogo hazithubutu kwenda mbali. Side aingie wakati wa kusi, kundi linapokuwa halina kazi na lina muda wa kumchunguza mgeni. Mzigo uje na kaskazi. Mvuvi yeyote wa Kipumbwi atakayeitazama filamu yako atajua kwamba uliuliza.

Hatua ya pili: Mjenge mtu wa uongo kabla ya mtu wa kweli

Chukua daftari uandike kurasa nne au tano kuhusu Side ambazo hazitaingia kwenye filamu. Alizaliwa wapi, alifukuzwa kazi gani, anadaiwa na nani, anaswali au haswali, anakula mirungi au anaikwepa, anamzungumziaje mama yake. Kanuni ya kwanza ni kwamba uongo ukae jirani na ukweli. Kama koplo wako alikulia Muheza, Side naye awe wa huko huko, maana lafudhi haifichiki na mtu wa Kigoma hawezi kujifanya Mdigo kwa wiki mbili za mazoezi. Kanuni ya pili ni kwamba awe na ufundi ambao genge linauhitaji. Fundi wa injini za boti hukaribishwa haraka kuliko jambazi mwenye misuli, kwa kuwa jambazi wanao tayari.

Kisha gawa maisha yake ya uongo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yanayoweza kuthibitishwa, kama kifungo, deni au kazi ya zamani. Haya lazima ofisi yake iwe imeyapanga kabla. Fungu la pili ni yale yasiyothibitika, kama mapenzi ya zamani au marehemu baba. Haya ndiyo maficho yake akibanwa. Fungu la tatu ndilo tajiri kuliko yote, na ndilo linalomfanya mtazamaji ashike pumzi: yale yanayotoka mwilini bila ruhusa. Mtu aliyepita depo ya Moshi huamka saa kumi na moja alfajiri hata siku asiyokuwa na kazi. Hutandika kitanda kikawa kama meza. Husimama mikono nyuma akisubiri mkubwa aseme. Viatu vyake hung'aa. Akiitwa ghafla, visigino vinataka kugongana.

Hebu tulione hilo kwa karibu, kama ambavyo lingeandikwa kwenye skripti. Ni alfajiri, uani kwa Mzee Kombo, tajiri wa boti. Kuna mkeka, buli la kahawa, sahani ya kashata. Side anatoka chumba cha uani.

SIDE: Shikamoo, Mzee.

KOMBO: Marahaba. Umelala?

SIDE: Nimelala, Mzee. Mbu kidogo tu.

KOMBO: Nimepita chumbani kwako ulipokuwa msalani. (Anamimina kahawa.) Nani alikufundisha kukunja shuka namna ile?

Kimya. Jogoo anawika kwa jirani.

SIDE: Gereza la Maweni, Mzee. Miezi kumi na minane. Usipokunja shuka, nyapara anakukunja wewe.

Kombo anacheka mpaka kahawa inamwagika. Side anacheka pia, nusu sekunde nyuma yake.

KOMBO: Nyapara wa Maweni enzi hizo alikuwa nani vile?

SIDE: Tulimwita Babu. Jina la kwao sikuuliza, na mwenyewe hakupenda kuulizwa.

KOMBO: Hm. Kunywa kahawa, inapoa.

Kombo anamwita kijana wake, anamnong'oneza. Kijana anatoka na simu.

Hakuna aliyepigwa katika sini hii na hakuna bunduki, lakini ukiipiga vizuri ukumbi mzima utanyamaza. Kinachofanya kazi ni mpangilio wa maswali: swali la shuka Side alilitarajia, la jina la nyapara hakulitarajia, na la mwisho halikuulizwa kabisa, limekwenda na kijana mwenye simu. Sasa sini tano zinazofuata, hata zile za kuvua samaki na kucheza bao, zina sumu ndani yake, kwa sababu mtazamaji anasubiri kijana arudi. Mwache asubiri. Waandishi wengi humrudisha kijana kwenye sini inayofuata, na hapo wanakuwa wametupa dakika kumi za hofu ambazo zisingewagharimu hata shilingi.

Hatua ya tatu: Amua nani anaijua siri

Awe mmoja. Wawili wakizidi sana. Kwenye mfano wetu ni Inspekta Rehema, mwanamke wa makamo aliyemchagua Side akiwa bado kuruta, akaliondoa jina lake kwenye orodha ya kikosi. Fikiria namna wanavyokutana, maana hapa ndipo skripti nyingi zinaponichekesha: askari aliyejipenyeza anamfuata mkubwa wake kituoni, anapita kaunta, anapigiwa saluti. Mkutano wao uwe mahali ambapo watu wawili wasiofahamiana wana haki ya kukaa karibu: foleni ya zahanati, kivuko cha Pangani, msiba wa mtu asiyejulikana na yeyote kati yao. Msiba ni mzuri sana. Watu wote wameinamisha vichwa, wote wananong'ona, na hakuna anayemuuliza mgeni amekuja kwa nani.

Filamu ya Hong Kong ya mwaka 2002, Infernal Affairs, iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak, iliufikisha mzigo huu mbali kuliko nyingine ninazozijua. Ndani yake askari amejipenyeza kwenye genge wakati genge nalo limempenyeza mtu wake ndani ya polisi, na afisa anayeijua siri ya askari yule akafa. Tangu dakika ile hakuna mtu hai anayeweza kusema kwa ushahidi wa macho kwamba mtu huyu ni polisi. Usiyaige matukio yake, lakini jifunze hesabu yake: siri ikiwa kwa mtu mmoja, kifo cha mtu huyo ni kifo cha wawili. Kwa hiyo Inspekta Rehema asife katikati ya filamu kwa bahati mbaya tu. Afe, au ahamishwe, au apate kiharusi na kupoteza kauli, pale Side anapokuwa ameomba kutolewa na kuahidiwa kwamba ni kesho. Mimi ningechagua uhamisho. Barua ya uhamisho ni jambo la kawaida mno kazini, na inatisha zaidi kwa sababu haina adui wa kulipiziwa kisasi.

Hatua ya nne: Mpe bosi sababu ya kupendwa

Mzee Kombo akiwa mkatili kutoka sini ya kwanza, Side hana kazi ngumu. Kumsaliti mtu mbaya ni sherehe. Kombo alipe ada za watoto wa marehemu nahodha wake. Amtafutie Side mchumba. Amwite "mwanangu" mbele za watu, na siku Side anapougua malaria akae naye usiku kucha akimkanda kwa kitambaa. Halafu mtazamaji aone mateja waliolala chini ya ukuta wa bandari, kijana mwenye arosto anayetetemeka na kuiuza simu ya dada yake, na ajue kwamba ada za wale watoto zimetoka hapa. Acha mambo hayo mawili yakae pamoja bila mhusika yeyote kuyahutubia. Hotuba za kuonya dhidi ya dawa za kulevya zina mahali pake, na mahali hapo si ndani ya filamu ya mapigano.

Hatua ya tano: Weka jaribio lisilo na jibu safi

Siku itafika ambapo genge litamtaka Side atende uhalifu mbele ya macho yao. Hilo ni lazima, kwa kuwa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumjua askari. Mwandishi mvivu humwokoa kwa bahati: simu inalia, king'ora kinasikika, mtu mwingine anafyatua. Usimwokoe. Mpe dakika moja ya kufikiri na umfanye achague jambo ambalo atalitolea maelezo mahakamani baadaye, kama kumpiga mtu asiye na hatia ili asiuawe. Uelewe pia tofauti ya kisheria kati ya kumpa mhalifu nafasi ya kufanya alichokusudia na kumsukuma mtu asiyekuwa na nia hiyo. Wakili wa utetezi ataishika tofauti hiyo kwa mikono miwili, na sini moja ya mahakama iliyoandikwa kwa ujuzi huo inazidi mapambano matatu ya ngumi.

Hatua ya sita: Panga kurasa

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa kawaida ni takriban dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo unaandika kurasa 90 hivi. Side awe ndani ya genge kabla ya ukurasa wa 15. Sini ya shuka ikae karibu na ukurasa wa 30. Uhamisho wa Inspekta uwe katikati, jaribio lifuate muda mfupi baada ya hapo, na mzigo ushuke kuanzia ukurasa wa 70. Hizi ni nguzo za kuegemea, zikikubana, zisogeze.

Hatua ya saba: Mapigano

Sasa tumefika, na hapa ndipo fedha na damu za watu vinapohusika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Amua kwanza kila pambano linabadilisha nini. Katika filamu ya mfano ninaona matatu yanatosha. La kwanza ni ugomvi wa ufukweni ambao Side anaushinda kwa namna ya ovyo makusudi, akificha mafunzo yake. Mwambie mwigizaji apigane kama mlevi wa klabu ya pombe, akose ngumi mbili, ashinde kwa mchanga wa machoni. La pili ni la chumbani, usiku, kimyakimya, kwa kuwa watoto wa Kombo wamelala chumba cha pili, na hapo mwili unamsaliti: anamfunga adui mkono kwa mtindo wa polisi, na adui anautambua. Pambano hili moja linafunua siri bila neno kusemwa. La tatu ni la kwenye boti.

Pambano la chumba kidogo ni rafiki wa bajeti ndogo. Lipange kama ngoma, kwa hesabu, mapigo manane hadi kumi kwa kila kipande, na mlirudie kwa mwendo wa kobe mpaka kila mtu ajue mkono wa mwenzake unatoka wapi. Kamera ikae upande ambao ngumi inapita mbele ya uso, na anayepigwa ndiye mwenye kazi kubwa: kichwa chake kikichelewa, ngumi ni ya uongo. Sauti huwekwa baadaye. Kofi juu ya ngozi ya ng'ombe iliyolowa, fundo la nguo linalogongwa ukutani, na pumzi za waigizaji zilizorekodiwa peke yake, vinatosha kumfanya mtazamaji ashike taya lake. Muziki uondoe kabisa.

Ukimbizaji wa bodaboda upigwe kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, kamera ikiwa chini karibu na lami, lenzi ikibana umbali ili ukuta na watu wapite kwa kasi nyuma ya mwendeshaji. Hakuna sababu ya kukimbia kweli. Helmeti ivaliwe hata kama mhusika ni jambazi. Mtafutie sababu kwenye skripti.

Kuhusu silaha sitakuwa na lugha laini. Bunduki ya kweli isifike kwenye lokesheni, ya afisa rafiki wala ya mlinzi aliyekodiwa, iwe na risasi au isiwe nayo. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijifyatulia kichwani kwa mzaha risasi tupu, yaani ganda lenye baruti bila kichwa, na msukumo wake peke yake ukamuua. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa na kichwa cha risasi kilichokuwa kimekwama mtutuni bila mtu kukiona, kikasukumwa na risasi tupu iliyofuata. Oktoba 2021, huko New Mexico, risasi ya moto iliyokuwa ndani ya bastola ya kweli iliyotumiwa kwenye mazoezi ya sini ilimuua Halyna Hutchins, mpigapicha mkuu wa filamu waliyokuwa wakiitayarisha. Hao walikuwa na bajeti, wataalamu na sheria kali kuliko sisi. Tumia bastola ya mpira au ya mbao iliyopakwa rangi, na mwale wa moto pamoja na ganda linaloruka viongezwe kwenye kompyuta wakati wa kuhariri. Kijana yeyote mwenye programu ya kuhariri atakufanyia kwa siku mbili.

Hata bastola ya mbao haitoshi kukuweka salama. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa uswahilini, tulikuwa tukipiga sini ya mwigizaji anayekimbia na begi huku wawili wakimfukuza. Ili watu waonekane wa kawaida tuliificha kamera ndani ya genge la muuza nyanya (na tulicheka sana kwamba filamu ya genge inapigwa kutoka gengeni). Mwigizaji alipokata kona, sauti moja ikapaa: "Mwizi!" Kabla hatujafika tulikuta shati limechanika, sikio linatoka damu, na bodaboda watatu wamemkalia kifuani. Aliyemwokoa ni mama wa vitumbua aliyekuwa amemwona asubuhi akipakwa poda. Tangu siku hiyo siwashi kamera mtaani kabla ya kuzungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wa kijiwe na kiongozi wa kituo cha bodaboda, na nina watu wanne wenye vizibao vya kung'aa waliosimama kila kona, nje ya picha.

Hatua ya nane: Vibali

Tanzania Bara, kibali cha kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi hiyo hiyo ndiyo inayoikagua filamu na kuipangia daraja kabla ya kuoneshwa. Ukienda Unguja au Pemba unashughulika na BASSFU, baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu. Kenya, sheria ni ile ya Sura ya 222 na upangaji wa madaraja uko chini ya KFCB, bodi ya Kenya ya kupanga madaraja ya filamu. Hakimiliki ya skripti iandikishe mapema COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukitaka kurusha droni juu ya bandari, unahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, na bandari yenyewe inaweza kukukatalia.

Sare za polisi ndizo zinazowaponza wengi. Kuvaa sare za jeshi la polisi bila idhini ni kosa, na "tulikuwa tunaigiza" huenda isikukinge utakapokutwa barabarani. Andika barua kwa jeshi la polisi ukiambatanisha skripti, omba idhini na, ukibahatika, mshauri. Uzuri wa hadithi hii ni kwamba mhusika wake mkuu havai sare. Ukiipanga vizuri, filamu nzima inaweza kuwa na sare kwenye sini mbili tu, na ukikataliwa bado unaweza kumwonesha Inspekta Rehema kwa blauzi na mkoba.

Hatua ya tisa: Mwisho, na ukumbi wa majaribio

Watazamaji wetu walilelewa kwenye vibanda umiza kwa sheria moja, kwamba steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anafungwa mnyororo, lakini hafi, na sauti ya mtafsiri anayenogesha filamu kwa Kiswahili humhakikishia kila mtu kwamba atarudi. Hadithi ya askari aliyejipenyeza inaigomea sheria hiyo, kwa kuwa mhusika ni watu wawili na mmoja wao lazima afe. Infernal Affairs ilitoka na miisho miwili: ule wa Hong Kong, ambapo mtu wa genge aliyejificha ndani ya polisi anabaki huru, na mwingine uliotengenezwa kwa ajili ya soko la China bara, ambapo anakamatwa. Nawe huenda ukaombwa mwisho wa pili na msambazaji au mkaguzi. Upige siku ile ile ya wa kwanza, waigizaji wakiwa bado kwenye nguo zao, kwa maana kurudi Pangani miezi mitatu baadaye kwa ajili ya dakika mbili kutakugharimu nauli, chakula na ndevu za mwigizaji ambazo atakuwa amezinyoa.

Kwa filamu yetu napendekeza Side aishi, na Kombo afungwe, na sini ya mwisho iwe mahakamani, pale karani anapomtaka shahidi ataje jina lake kamili. Mtazamaji halijui bado. Tulilificha tangu ukurasa wa kwanza. Kombo, kizimbani, naye anasubiri kulisikia.

Kabla ya kufunga uhariri, ichukue filamu ikiwa na sauti ya muda, umwombe mwenye kibanda cha video akuoneshee saa nane mchana, wakati hakuna mechi. Kaa nyuma, usijitambulishe. Usitazame kioo, tazama visogo. Andika dakika ambayo simu ya kwanza inawashwa gizani, na ya pili, na ya tatu. Kisha angalia kilichotokea wakati Mzee Kombo anauliza jina la nyapara. Kama simu zimewashwa hapo, rudi uani kwake na buli la kahawa, uipige upya sini hiyo kabla hujagusa chochote kwenye pambano la boti.